Jati ya tatu ikifika, pumzi sina

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa Mombasa, umri wangu miaka 26. Babu zangu walitoka Kutch, India, mimi nimezaliwa na kukulia Makadara. Kwa sasa niko Chennai nasoma shahada ya pili, na jioni nasoma Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya India Kusini, kwa mwalimu mmoja hapa mtaa wa Mylapore. Ngoma hii nilianzishwa utotoni kwetu, nikaiacha nilipoingia sekondari, nimeirudia huku.

Januari ndiyo arangetramu yangu, lile onyesho la kwanza la mchezaji peke yake jukwaani, saa mbili na zaidi. Ukumbi umeshalipiwa arubuni, wapiga ala wameshawekwa, na baba ameshakata tiketi za ndege za watu wanne. Sasa ni Agosti na mimi silali.

Vipande vya kufungulia, alarippu na jatiswaramu, navicheza. Tukifika kwenye varnamu, kile kipande kirefu kuliko vyote, ndipo mambo yanapoharibika. Varnamu yetu ni ya dakika 40 hivi. Jati ya kwanza, yaani kile kipande cha miguu ya kasi, naitoa kwa nguvu zangu zote, ya pili naikokota, ya tatu ikifika pumzi sina. Mapaja yanatetemeka. Ile araimandi, kukaa nusu huku magoti yamefunguliwa pembeni, inapanda kidogo kidogo mpaka najikuta nimesimama wima. Mwalimu wangu anagonga kijiti chake, "Kaa! Kaa chini!" Uso unatakiwa uwe na furaha, meno nimeyatoa, lakini macho yanaomba msaada.

Mwenzangu wa hosteli akanishauri nikimbie. Kila alfajiri nakimbia ufukwe wa Marina kama kilomita 6, na usiku naruka kamba. Kukimbia nimekuwa hodari, hilo siongopi. Varnamu iko palepale, na sasa magoti yanauma kwa mbele nikishuka ngazi, na ugoko wa mguu wa kulia nao umeanza. Darasa letu liko ghorofani, sakafu ni vigae juu ya saruji.

Dada mmoja mkubwa wa darasa ameniambia nisijisumbue sana, wenzangu walianza wakiwa na miaka mitano na mwili wangu umeshakuwa mgumu. Mwalimu mwenyewe siwezi kumwambia nimechoka, huku mwanafunzi hamjibu guru. Nyama sili. Kabla ya darasa nakunywa chai ya maziwa na biskuti tu, maana tumbo likijaa sichezi. Je, niahirishe? Au kuna mazoezi ninayoyakosa?

Hana Pumzi, Mylapore

*

Marahaba, binti yangu.

Kwanza nikuondolee neno la yule dada. Walioanza na miaka mitano wamekuzidi kitu kimoja kikubwa: hawapotezi nguvu. Mabega yao yametulia, mguu unapanda kiasi kinachohitajika na kushuka, hawakazi shingo ili kupiga kisigino. Hilo hufundishika hata ukubwani. Kwa hiyo suala la kuanza lini tuliweke kando.

Kukimbia kumekupa moyo wenye nguvu, sikatai. Lakini angalia unachokifanya ukiwa unakimbia: mguu unakunjwa, unanyooshwa, msuli unakazwa na kulegezwa, kwa mwendo mmoja, nusu saa na zaidi. Araimandi haifanani na hayo hata kidogo. Pale paja limekazwa na halilegei. Msuli uliokazwa muda mrefu huibana mishipa yake wenyewe ya damu, oksijeni haifiki vya kutosha, na hapo ndipo moto na mtetemeko vinapoanza, hata kama mapafu yako ni ya mpiga mbizi. Ndiyo maana unaweza kumaliza kilomita 6 unaimba, kisha dakika kumi za varnamu zikakulaza.

Jambo la pili ni umbo la varnamu yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona hakuna aliyekukalisha chini akakuonyesha. Wewe unaicheza kana kwamba ni dakika 40 za kupanda mlima. Sivyo ilivyotungwa. Ni vipande vifupi vya ngoma tupu, zile jati, vikipishana na mistari ya wimbo inayoelezwa kwa mikono na uso. Kwa kawaida jati ya kwanza ndiyo ndefu, inapita kwenye kasi tatu, kasi ya tatu ikiwa mara nne ya kasi ya kwanza. Wengi huteketea hapo, kama wewe. Baada yake unakuja mstari wa abhinaya, yaani wa kueleza kwa mikono na uso: mwanamke anamwambia shoga yake habari za bwana asiyekuja, na miguu inatembea au inagonga polepole. Mchezaji mzoefu anapumzika hapo hapo mbele ya macho ya watu. Mapigo ya moyo yanashuka, pumzi inarudi, na hadhira inaona huzuni ya mapenzi tu. Ukifika nusu ya pili, baada ya muktayi swara, yaani noti zinazoimbwa kufunga nusu ya kwanza, kasi huongezeka na nafasi za kupumua huwa chache. Asiyejiwekea akiba nusu ya kwanza hana pa kuipata.

Basi chukua daftari, andika varnamu yako yote kwa mpangilio: jati, mstari, jati, mstari, swara. Pembeni andika miguu inafanya nini. Kisha tia alama mahali utakapotoa pumzi ndefu. Hata zile hatua za kurudi nyuma baada ya jati, kabla mwimbaji hajarudia mstari, ni sekunde kadhaa za thamani. Wanafunzi wengi huzimaliza wakiwa wamekaza tumbo na kuinua mabega wakisubiri. Toa hewa yote taratibu kwa pua, acha mabega yaanguke, hewa mpya itaingia yenyewe. Fanya hivyo darasani kila siku, palepale ulipotia alama, mpaka iwe sehemu ya ngoma kama mkono ulivyo sehemu ya ngoma.

Nina shaka pia kwamba wewe unashikilia pumzi. Mwambie mtu akurekodi kwa simu jati moja, kwa karibu, kuanzia kiuno hadi uso. Ukiitazama, acha miguu, angalia shingo na mbavu. Ikiwa mishipa ya shingo imetoka na mbavu hazisogei, umepata jibu: umecheza sekunde 40 bila kuvuta hewa, kisha unalaumu mapafu. Hutokea kwa sababu akili yote iko kwenye hesabu ya mapigo. Dawa yake ni rahisi na ya kuchosha. Rudi kwenye tatta adavu, ile hatua ya msingi ya mwanzo kabisa, uicheze kwa kasi zote tatu ukitamka mwenyewe kwa sauti, tei-ya-tei, tei-ya-tei. Anayesema hawezi kuzuia pumzi. Ukiweza kasi ya tatu bila sauti kukatika, peleka mtindo huohuo kwenye adavu nyingine, kisha kwenye jati zenyewe. Majirani wa hosteli watakuvumilia.

Sasa mazoezi yenyewe. Kamba itupe leo. Bharatanatyam inachezwa pekupeku na kila adavu ni kishindo. Ukijumlisha Marina alfajiri, vigae jioni na kamba usiku, ugoko huo unapigwa mara tatu kwa siku na haupati nafasi ya kujijenga. Kukimbia nako simamisha mpaka maumivu yaishe. Mahali pake weka baiskeli ya mazoezi au kutembea kwa haraka kwenye njia ya watembea kwa miguu ya ufukweni, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kiwango ambacho unaweza kuzungumza sentensi nzima. Usitembee kwenye mchanga laini, unavuta mashavu ya miguu na kano ya kisigino. Na usije ukadhani utabadilisha kwa kuogelea baharini hapo Marina. Mkondo wake unaua watu.

Stamina ya varnamu ijenge kwa varnamu. Siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, chukua kipande kimoja: jati, mstari unaofuata, jati nyingine. Kicheze kwa nguvu kamili, pumzika muda uleule uliocheza huku ukitembea, rudia mara tatu. Wiki mbili zikipita punguza mapumziko kwa nusu, usiongeze marudio. Baadaye unganisha vipande viwili. Siku nyingine ya wiki cheza varnamu nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusimama, lakini kwa nusu ya nguvu: miguu inagusa tu, hairuki, araimandi iwe ya juu kidogo ila isibadilike hata mara moja. Siku hiyo lengo ni mwili ujue dakika 40 zina urefu gani. Wanafunzi wanaidharau kwa sababu hawatoki jasho jingi. Mimi naiona ndiyo yenye faida kuliko zote.

Oktoba ikiingia, anza varnamu ukiwa tayari umecheza alarippu, jatiswaramu na shabdamu mfululizo, maana Januari ndivyo utakavyoifikia. Desemba cheza programu nzima mara moja kwa wiki, ukiwa na njuga zako, na angalau mara mbili ukiwa umevaa vazi lenyewe na mkanda wake kiunoni. Mkanda ule unabana tumbo, na anayekutana nao kwa mara ya kwanza siku ya onyesho hushangaa pumzi imekwenda wapi. Wiki ya mwisho punguza kazi kwa nusu. Siku moja kila wiki usicheze kabisa.

Na ile jati ya kwanza, usiitoe kwa nguvu zako zote. Kasi ya kwanza na ya pili zinataka usafi wa mistari ya mikono na kina cha kukaa. Kishindo kikubwa weka kwa kasi ya tatu peke yake. Msikilizaji hatambui kwamba mwanzoni umegonga kwa sehemu sita kati ya kumi. Anatambua ukikosa pumzi mwishoni.

Tuje kwenye magoti. Leo usiku simama umeegemeza mgongo ukutani, shuka araimandi kama ya darasani, kisha tazama chini. Pia ya goti inatakiwa ielekee upande uleule wa kidole cha pili cha mguu. Nabahatisha nikiwa mbali, lakini nadhani utakuta vidole vimetazama pembeni kabisa na magoti yameanguka mbele. Ufunguo wa miguu, yaani kuigeuza nje, hutoka kwenye nyonga. Nyonga zisipofunguka kiasi hicho na wewe ukalazimisha nyayo, kinachosokotwa ni goti, na goti halikuumbwa kusokotwa. Punguza ufunguo wa nyayo mpaka magoti yazifuate. Utaonekana umefunguka kidogo kuliko wenzako, lakini utakaa chini zaidi na muda mrefu zaidi. Kila mwili una mpaka wake wa nyonga, mfupa ukigusa mfupa hakuna mazoezi ya kuuongeza.

Nguvu za kuulinda ufunguo huo zinajengwa pembeni, mara tatu kwa wiki, baada ya darasa na si kabla. Lala ubavu, magoti yamekunjwa, nyayo zimegusana, fungua goti la juu kama kombe la chaza bila kuruhusu kiuno kizunguke nyuma. Mara 15 kila upande, raundi tatu. Lala chali, nyayo chini, inua makalio, shikilia, shusha taratibu. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa mbele ya nyayo, panda, kisha shuka ukihesabu hadi nne. Fanya magoti yakiwa yamenyooka, kisha yakiwa yamekunjwa kidogo, kwa sababu misuli ya chini ya shavu la mguu ndiyo inayopokea vishindo vyako na hufanya kazi zaidi goti likiwa limekunjwa. Hili la ngazi lisubiri mpaka ugoko upimwe kama ninavyoeleza hapa chini. Mwisho, araimandi ya ukutani: anza na sekunde 30, pumua kwa sauti ya kusikika, pumzika dakika moja, rudia mara nne. Kila wiki ongeza sekunde 10. Ukifika dakika mbili bila kupanda, niandikie, nitafurahi.

Ugoko lazima nikuonye. Pitisha kidole juu ya mfupa kutoka juu hadi chini. Ikiwa maumivu yametawanyika sehemu ndefu na yanapungua mwili ukipata joto, mapumziko kutoka kwenye vishindo yatasaidia. Ikiwa ni sehemu moja ndogo unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, au inauma usiku umelala, usicheze mpaka uonane na daktari wa mifupa. Huo unaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa, na ukiuchezea mfupa unaweza kuvunjika.

Na damu ipimwe. Mwanamke kijana anayepata hedhi, asiyekula nyama, anayekunywa chai pamoja na chakula: hata bila ngoma ningemtuma maabara. Omba wapime himoglobini, akiba ya madini ya chuma, na vitamini B12, ambayo wasiokula nyama mara nyingi huipungukiwa hata wakinywa maziwa. Upungufu wa chuma hukata pumzi ngazini na jukwaani, na hapo mazoezi yote niliyokuandikia yatakuwa kama hayapo. Usinunue vidonge kabla ya majibu. Chai isogeze mbali na mlo, angalau saa moja, kwa sababu inazuia chuma cha mboga na kunde kufyonzwa. Limau na nyanya husaidia kifyonzwe.

Biskuti hazikufikishi popote. Kula saa mbili au tatu kabla ya darasa, idli tatu, vile vitumbua vya mvuke vya mchele, na sambaru, mchuzi wa dengu, tumbo halitakuwa limejaa utakapofunga njuga. Huko Tamil Nadu utapata pia ragi kila duka. Ni wimbi, wimbi letu hilihili, lilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki likavuka bahari zamani sana, na wao wanapika uji wake na kuula na mtindi. Lina kalsiamu nyingi, na mifupa ya mtu anayegonga saruji kila jioni inaihitaji. Wakati wa joto kunywa mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa chumvi, wauzaji wako mtaani, au madafu. Maji matupu peke yake kwa mtu anayetoka jasho kama wewe hayatoshi.

Limebaki la guru. Usimweleze mbele ya wenzako, wala katikati ya darasa kijiti kikiwa mkononi. Subiri namaskara ya mwisho, ile salamu ya kufungia darasa, watu waondoke. Usiseme umechoka. Mwambie, "Nataka nikae chini mpaka mwisho wa varnamu, naomba unisaidie kupanga mazoezi yangu." Ukiwa na karatasi ya daktari, mpe. Na usiogope kwamba unaleta mambo ya kigeni. Kule Kerala, wanafunzi wa Kathakali, ngoma ya maigizo ya huko, hukandwa mafuta msimu wa mvua, mkandaji akitumia nyayo zake huku ameshika kamba, na mazoezi ya mwili hutangulia masomo ya ngoma; Kerala Kalamandalam, chuo kilichoanzishwa mwaka 1930, kimelea vizazi kwa utaratibu huo. Hata mpangilio wa programu yako, uliowekwa na ndugu wanne wa Thanjavur karne ya 19, unaanza na alarippu, macho, shingo, mabega, ndipo miguu. Watu wale walijua mwili unaamshwaje.

Muombe mambo mawili. La kwanza, siku mbili za wiki akuruhusu kugusa badala ya kugonga, maana vigae vile si rafiki wa mtu. Kama kuna ukumbi wa mbao unaokodishwa kwa saa, mazoezi ya programu nzima yapelekeni huko. La pili, akuangalizie kama varnamu inaweza kupunguzwa swara moja au mbili za nusu ya pili. Walimu wakubwa hufanya hivyo kila mwaka kwa wanafunzi wao na hakuna anayeona aibu.

Kuahirisha usiamue sasa. Fuata haya mpaka mwisho wa Septemba, kisha jipime: cheza varnamu nzima kwa nguvu kamili, kaa, tazama saa. Ukiweza kuzungumza kwa utulivu ndani ya dakika tatu hivi, na araimandi haikupanda katika jati ya mwisho, Januari inakusubiri. Ukishindwa, au daktari akisema mfupa una ufa, mpigie baba simu mapema, tiketi nyingine hubadilishwa kwa faini ukiwahi.